Kuchagua karata maalum za mazingaombwe ya kusoma akili

Wengi wakitaka kuanza michezo ya kusoma akili swali la kwanza ni karata gani ina nguvu kuliko zote, na hapo ndo wanapopotea. Jiulize kwanza huyu mtazamaji utamruhusu afanye nini na hizo karata. Azichange mwenyewe? Ataje tu karata ya kichwani bila kugusa kitu? Azikague mwishoni? Ukishajibu hayo aina zinazokufaa zinabaki chache sana.

Tuanze na pakiti ya karata inayoitwa Svengali maana ndo inauzwa kila mahali. Karata 26 zote ni moja, tuseme saba ya kopa, zimekatwa fupi kidogo, na 26 zingine ni tofauti tofauti za urefu wa kawaida, zinapangwa moja fupi moja ndefu. Ukizipeperusha kwa kidole gumba mtu anaona karata za kila aina, akisema simama anaangukia saba ya kopa. Inafanya kazi vizuri tu ila kwa kusoma akili mi naiona ina shida, karata ni ileile kila siku kwa hiyo watu walewale huwezi kuwarudia, na mtu akikunyang'anya akazitandaza mezani umekwisha.

Invisible Deck ni habari nyingine kabisa. Wazo lake linatokana na mwanamazingaombwe Joe Berg, mwaka 1936, na mpaka leo bado inatikisa watu. Mtu anataja karata yoyote kati ya 52, unatoa karata zako, unazikunjua, na hiyo moja tu ndo imegeuzwa! Siri ni kwamba zimekaa mbili mbili mgongo kwa mgongo, migongo imepakwa dawa ya kuleta mkwaruzo ili zishikane, na kila pea inajumlisha 13 (ree ni moja, jeki 11, kwini 12), shupaza na kopa, pau na uru. Akitaja nne ya kopa unajua imejificha nyuma ya tisa ya shupaza, jeki anakaa na mbili, kwini na ree, ila kingi yeye anakaa na kingi mwenzake. Sasa wakati wa kununua angalia sana huo mkwaruzo, zikunjue taratibu uone kama pea zinakaa pamoja bila kuachia, halafu sukuma pea moja kidogo kwa kidole gumba, inatakiwa iachie laini bila kung'ang'ania, kama inakwama iache. Jasho na unyevu vinaharibu ile dawa mapema kwa hiyo usikae nazo mfukoni siku nzima. Na usimpe mtu azishike, hata kidogo.

Kama mtazamaji wako ni mbishi, yule anayetaka kuchanga mwenyewe mpaka aridhike, chukua karata zenye alama za siri mgongoni zinazokuambia ni karata gani. Hizi mi ndo nazipenda kuliko zote kwa sababu anashika, anachanga, anakata, anaangalia, na wewe hujagusa kitu, sasa atailaumu karata ipi? Ila ubora unatofautiana sana. Weka moja mezani kwenye mwanga hafifu, kaa mbali kama urefu wa mkono, kama unalazimika kuinama au kukodoa macho basi hiyo haifai maana macho yako yatakuuza. Alama iwepo kwenye pembe mbili zinazokabiliana ili ukigeuza karata juu chini bado unasoma. Halafu peperusha migongo yote haraka ukiiangalia, kama kuna kitu kinacheza cheza pale pale basi na mtazamaji atakiona.

Kuna wanaopanga tu karata za kawaida kwa mpangilio, mfano ule unaoitwa Si Stebbins, kila karata inaongeza tatu na rangi zinazunguka pau, kopa, shupaza, uru: ree ya pau, nne ya kopa, saba ya shupaza, kumi ya uru, kingi ya pau, inaendelea hivo mpaka mwisho. Ukichungulia moja unaijua inayofuata. Watu wanaweza kukata wanavyotaka, ila wakichanga tu imeharibika, na ukizitandaza wazi kwa muda mrefu mwenye jicho kali ataona nyekundu na nyeusi zinapishana.

Kwa wasiotaka kabisa hisia ya kamari kuna karata za Zener, alizobuni mwanasaikolojia Karl Zener na mtafiti J. B. Rhine akazitumia kwenye majaribio yake ya kusoma akili chuo kikuu cha Duke, Marekani, miaka ya 1930. Ziko 25, alama tano tu: duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota. Kubahatisha ni moja kwa tano, kwa hiyo ukipatia moja tu hakuna atakayeshangaa, panga mchezo wenye kupatia mfululizo.

Saizi nayo, chukua ile ya poka, milimita 63 kwa 88, labda kama una viganja vidogo ndo ile nyembamba ya 57 kwa 88 itakusaidia. Na mgongo uwe wa kawaida ambao watu wameuzoea, mgongo wenye mafuvu na moto unamfanya mtu aanze kukagua kabla hujafungua mdomo. Nunua na pakiti ya kawaida yenye mgongo uleule, hiyo ndo utabadilisha kimya kimya mtu akisema lete niangalie.