Kuisaka pesa ya utafiti wa afya ndani ya bajeti ya Zanzibar

Miaka 19 nimeinamia darubini hapa Pemba nikihesabu mayai ya kichocho. Mkojo wa mtoto wa skuli unachukuliwa mililita 10, unapitishwa kwenye chujio, kisha unahesabu. Yakifika mayai 50, mtoto huyo anaandikwa kuwa ana maambukizo mazito. Kazi ile inataka chujio, mafuta ya gari, na posho ya kijana anayeshuka mtoni kuokota konokono wanaoeneza kichocho. Tangu nistaafu, vijana wa shehia yetu hawaishi kuniuliza: hivi Serikali inatoa chochote kwa utafiti huu, au kila kitu ni mzungu? Nikaona bora niwafundishe kuitafuta nambari wenyewe. Namna tunavyofanya ni hii.

Kwanza mjue mlango wa kubisha. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo bajeti ya Wizara ya Afya ya Zanzibar inajadiliwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Lakini utafiti wenyewe umo kwenye orodha ya mambo ya Muungano katika Katiba ya 1977, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, ile COSTECH iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, bajeti yake inapita Dodoma. Utafiti mmoja wa kichocho, basi, una vyungu viwili vya kuchungulia. Cha Chukwani muulizeni Mwakilishi. Cha Dodoma muulizeni Mbunge. Nimeshuhudia watu wazima wakimbana Mbunge nje ya msikiti juu ya maabara ya kituo cha afya, na maskini ya Mungu suala lile halikuwa lake.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na hotuba za mawaziri zinasomwa Mei na Juni. Tafuteni hotuba ya Waziri wa Afya pamoja na kitabu cha makadirio ya mapato na matumizi. Kurasa za shukrani zipiteni haraka. Nendeni kwenye utekelezaji wa mwaka unaomalizika, halafu kwenye majaduweli ya mwisho. Bajeti yetu imepangwa kwa programu kuu na programu ndogo, kwa hiyo msitafute neno "utafiti" peke yake. Tafuteni pia "maabara", "ruzuku", "kichocho", na "maradhi yasiyopewa kipaumbele". Mara nyingi pesa imekaa chini ya jina jengine.

Mkishaliona jaduweli, hapa ndipo pa kutulia. Wengi huchukua nambari iliyoidhinishwa wakaondoka nayo, wakafurahi au wakakasirika. Nambari ile ni ahadi. Pembeni yake kuna nyengine: fedha zilizopatikana. Tuseme kwa mfano tu kwamba iliidhinishwa shilingi milioni 100 na zikaingia milioni 38. Gawanyeni ya pili kwa ya kwanza, zidisheni kwa 100, mmepata asilimia 38. Hiyo ndiyo bajeti aliyoiona fundi wa maabara. Kisha ulizeni swali la pili: imetoka wapi? Mtaona fedha za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na fedha za washirika wa maendeleo, yaani wafadhili. Ziandikeni mbalimbali, msizichanganye hata siku moja.

Kwa nini nashikilia hapo? Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, ilifunguliwa mwaka 2000 kwa msaada wa taasisi ya Italia yenye jina hilo hilo. Mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho ulioanza mwishoni mwa 2011 ukamalizika 2017 ulifanyika katika shehia 90, 45 Unguja na 45 Pemba, na fedha zake zilitoka kwa wafadhili wa Marekani. Kichocho kilishuka sana, ila hakikwisha. Uliofuata hapa Pemba uliwezeshwa na Uswisi. Nawashukuru wote kwa dhati, maana nimewaona watoto waliokuwa wakikojoa damu wakipona. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa, konokono hana. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulikumbushwa jinsi uamuzi wa mji wa mbali unavyoweza kufika mpaka kwenye vituo vyetu vya afya.

Kipimo cha kulinganishia kipo. Mwaka 2008, huko Bamako, nchi zilihimizwa zitenge angalau asilimia 2 ya bajeti ya wizara ya afya kwa utafiti. Chukueni jumla ya wizara, pigeni hesabu ya asilimia 2, muiweke karibu na ile mliyoipata.

Halafu andikeni swali, fupi, mumpelekee Mwakilishi wenu kabla ya kikao. Letu la mwaka jana lilikuwa hivi: "Kwa kuwa kichocho bado kipo katika shehia zetu, na kwa kuwa miradi ya wafadhili ina muda maalumu: (a) Je, ni kiasi gani cha fedha za SMZ kiliidhinishwa kwa uchunguzi wa kichocho Pemba, na kiasi gani kimeingia hadi mwezi Machi? (b) Mradi wa sasa ukimalizika, nani atalipia ukaguzi wa konokono?" Swali la "Serikali ina mpango gani?" liacheni. Linajibiwa kwa "Serikali ina mpango" na mtu anakaa.

Jibu likitolewa, liandikeni daftarini neno kwa neno pamoja na tarehe. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikitoka, rudini kwenye ukurasa huo huo mlinganishe. Daftari letu analiweka mwalimu wa sayansi kabatini pale skuli, na jibu la (b) bado tumeliachia nafasi.