Namna ya Kujua Kanisa Lako Linafundisha Nini Hasa Kuhusu Mageuko ya Viumbe

Mwalimu wa katekesi, mzee wa kanisa au mlezi wa vijana hawezi kulikwepa swali hili kwa muda mrefu, hasa akiwa na wanafunzi wa kidato cha nne wanaosoma baiolojia: je, Mkristo anaruhusiwa kukubali mageuko ya viumbe? Wengi hukimbilia aya ya Biblia au jina la mwanasayansi, kumbe ndani ya swali hilo mna swali jingine linalopaswa kujibiwa kwanza: ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwa niaba ya kanisa husika, na kauli yake ina uzito gani? Mwongozo huu hauamui kama Darwin, mwanasayansi wa nadharia hiyo, alisema kweli. Unaeleza namna ya kulipata fundisho la kanisa lako jinsi lilivyo, bila kuliongezea wala kulipunguzia.

Anza kwa kuligawa swali. Mtu anapotaja mageuko anaweza kuwa anazungumzia umri wa dunia, au asili moja ya viumbe vyote, au asili ya mwili wa binadamu, au kama Adamu na Hawa walikuwa watu wawili halisi ambao wanadamu wote wametokana nao. Haya ni mambo manne, na mtu anaweza kulikubali moja na kulikataa jingine. William Jennings Bryan, mwanasiasa wa Marekani aliyepinga kufundishwa kwa mageuko katika kesi maarufu ya Dayton, Tennessee, mwaka 1925, alikiri alipohojiwa kwamba siku za uumbaji huenda hazikuwa siku za saa 24. Anayemtaja leo kama shahidi wa dunia changa, yaani yenye miaka elfu chache tu, hajamsoma vizuri. Kwa hiyo mwombe muulizaji aseme ni jambo lipi kati ya hayo linalomsumbua. Mara nyingi utakuta ni la Adamu, wala si la mawe na miaka yake.

Hatua ya pili ni kutafuta mamlaka inakaa wapi katika kanisa lako, na hapa makanisa hayafanani hata kidogo.

Kwa Wakatoliki kazi ni kupanga nyaraka kwa uzito wake. Mwaka 1950 ni kielelezo kizuri, kwa sababu Papa Pio wa XII alitoa ndani ya miezi michache nyaraka mbili zenye uzito tofauti kabisa. Tarehe 12 Agosti alitoa ensiklika, yaani barua rasmi ya Papa, iitwayo Humani Generis, ambayo haiwakatazi wataalamu wa sayansi na wa teolojia kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na kiumbe hai kilichotangulia, mradi washike kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja na wawe tayari kuupokea uamuzi wa Kanisa. Waraka huohuo unasema kuwa haionekani namna ya kupatanisha na fundisho la dhambi ya asili lile wazo la kwamba wanadamu walitokana na wazazi wa kwanza wengi. Tarehe 1 Novemba Papa huyohuyo alitangaza Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, akitumia mamlaka ya kutokosea iliyofafanuliwa na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870. Tangazo la Novemba ni fundisho lisiloweza kubatilishwa. Ensiklika ya Agosti ni fundisho la kawaida la Papa: Mkatoliki anadaiwa kulipokea kwa heshima na utii wa akili, lakini halina hadhi ileile. Zingatia pia jinsi maneno yalivyochaguliwa kwa uangalifu: "haionekani namna ya kupatanisha" si sawa na "haiwezekani kamwe", na wanateolojia wamejadili tofauti hiyo tangu wakati huo.

Ukishaielewa hatua hiyo, kauli zilizofuata hazitakutatiza. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa II aliiandikia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba maarifa mapya yanaifanya nadharia ya mageuko itambuliwe kuwa zaidi ya dhana tu. Mwaka 2014 Papa Fransisko aliiambia taasisi hiyohiyo kwamba Mungu si mchawi mwenye fimbo ya kutenda kila kitu, na kwamba mageuko hayapingani na uumbaji. Vyombo kadhaa vya habari vilitangaza hotuba hiyo kana kwamba Kanisa limegeuka usiku mmoja, ilhali ujumbe na hotuba kwa wanasayansi si njia ambayo Kanisa Katoliki hutangazia mafundisho mapya. Kwa darasa la katekesi ni afadhali kuanzia kwenye Katekisimu ya mwaka 1992: namba 283 inayosifu utafiti kuhusu asili ya ulimwengu na ya binadamu, namba 366 kuhusu roho, na namba 390 inayosema kwamba simulizi la anguko hutumia lugha ya mifano lakini linathibitisha tukio la kweli lililotokea mwanzoni mwa historia ya mwanadamu. Mwalimu anayesoma nusu ya kwanza tu ya namba hiyo 390 anapotosha, na anayesoma nusu ya pili tu anapotosha vilevile.

Kwa Waadventista Wasabato jibu hupatikana upesi. Mkutano wa Konferensi Kuu, chombo cha juu cha kanisa hilo duniani, uliofanyika San Antonio, Texas, mwaka 2015 ulirekebisha Imani ya Msingi ya 6 ili iseme wazi kwamba uumbaji ulifanyika kwa siku sita halisi, na kwamba haukufanyika zamani za mbali. Hata hivyo usiache kusoma utangulizi wa Imani hizo 28, kwa kuwa unatamka kuwa Biblia pekee ndiyo kanuni ya imani yao na kwamba maelezo hayo yanaweza kurekebishwa na mkutano huohuo.

Mwanglikana atahangaika zaidi. Maazimio ya Mkutano wa Lambeth, unaokutanisha maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, hayana nguvu ya kisheria juu ya majimbo, na askofu anapotoa maoni yake hafungi dhamiri ya Mwanglikana wa jimbo jingine. Chombo cha kupimia ni kanuni ya sita kati ya zile Kanuni 39 za imani ya Kianglikana: lisilosomwa katika Maandiko wala kuthibitishwa kwayo, mtu asilazimishwe kuliamini kama sehemu ya imani. Frederick Temple, aliyetetea mageuko katika mihadhara yake ya mwaka 1884, alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1896, na hakuna aliyemvua kofia ya uaskofu kwa sababu hiyo.

Katika makanisa ya kiinjili na ya Kipentekoste, tafuta tamko la imani lililoandikwa, kisha uulize lilipitishwa na nani. Tamko la Chicago la mwaka 1978 kuhusu kutokosea kwa Biblia, ambalo katika kifungu cha 12 linakataa dhana za kisayansi zitumike kupindua mafundisho ya Maandiko kuhusu uumbaji na gharika, lilitiwa saini na watu binafsi; linafunga tu kanisa au chuo kilichoamua kulipokea. Wala kutokosea kwa Biblia hakuleti jibu moja: B. B. Warfield, mwanateolojia wa Princeton nchini Marekani, alikutetea kwa nguvu, na bado hakufunga mlango kwa mageuko.

Tenganisha pia Maandiko na yaliyoandikwa pembeni yake. Mwaka wa 4004 kabla ya Kristo ni hesabu ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, iliyochapishwa mwaka 1650 na baadaye kuwekwa pambizoni mwa Biblia nyingi za Kiingereza. Mwaka huo haumo katika Mwanzo. Na anayemleta Agostino, askofu wa kale wa Hippo, kule kunakoitwa Algeria leo, amlete mzima: alionya Wakristo wasiaibishe imani kwa kuropoka mambo ya asili mbele ya wanaoyajua, lakini yeye mwenyewe aliamini kwamba binadamu hajatimiza miaka 6,000 duniani.

Sasa jaribu njia hii kwa mzozo wa Nairobi. Kati ya mwaka 2006 na 2007 Askofu Boniface Adoyo, aliyekuwa mwenyekiti wa muungano wa makanisa ya kiinjili nchini Kenya, alipinga jinsi Makumbusho ya Taifa yalivyokusudia kuonyesha mifupa ya Mvulana wa Turkana, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 na yenye umri wa miaka takriban milioni 1.5. Ripoti nyingi ziliandika kwamba "kanisa" limepinga. Kanisa lipi? Askofu huyo alikuwa na haki ya kuwasemea wanachama wa muungano wake kwa kadiri walivyomtuma, lakini Mkatoliki wa Lodwar hakuwa amefungwa na neno lake hata moja.

Unapoandika jibu la mwisho kwa kijana, taja jambo, chombo, mwaka na uzito. Kwa mfano: "Kuhusu asili ya mwili wa binadamu, ensiklika ya mwaka 1950 inaruhusu uchunguzi, kuhusu roho, Katekisimu inafundisha kwamba huumbwa na Mungu moja kwa moja, kuhusu umri wa dunia, Kanisa Katoliki halina fundisho linalowabana waamini." Maoni yako binafsi yaandike katika aya yake, chini ya jina lako.