Somo: Spika za mbele za sinema ya nyumbani, kwa boksi la kuziba

Wakuu, leo tunaunda jozi ya spika za mbele, kushoto na kulia, za kufanya kazi pamoja na sabufa sebuleni. Kama huna sabufa wala mpango wa kuipata, somo hili halikufai. Boksi la kuziba, yaani lisilo na tundu, besi nzito linaiachia sabufa; bila hiyo utalaumu boksi bure.

Nasema hivyo kwa sababu jozi yangu ya kwanza niliitoboa na kuichomeka bomba la maji la inchi mbili, kwa kukisia tu, nikitafuta besi. Besi ikaja kweli, ila ya noti moja. Kila mwanamume akiongea kwenye filamu unadhani kafungiwa ndani ya pipa.

Hatua ya 1: Vipimo vya wufa

Kariakoo utaonyeshwa wufa, ile spika kubwa ya sauti nene, yenye sumaku kama sahani na maandishi ya wati 1000. Wati hizo zisikutie kiwewe. Uliza Fs (hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, ambazo koni hupenda kutikisika yenyewe), Qts (jinsi mtikisiko huo unavyodhibitiwa) na Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na wa koni). Hivi ni vipimo vya Thiele na Small, kazi iliyoanzia Australia mwaka 1961, na ndivyo vinavyokwambia boksi liwe na ukubwa gani. Muuzaji asipokuwa navyo, mshukuru uende duka jingine.

Mfano wetu: wufa ya inchi 6.5, omu 8, Fs hezi 45, Qts 0.40, Vas lita 20.

Hatua ya 2: Hesabu

Tunataka Qts ikishaingia kwenye boksi ipande hadi 0.707. Gawanya 0.707 kwa 0.40, unapata 1.77. Zidisha kwa yenyewe: 3.12. Toa 1: 2.12. Sasa lita 20 gawanya kwa 2.12, boksi ni lita 9.4. Nayo ile hezi 45 inapanda mara 1.77, inafika karibu 80; chini ya hapo besi inafifia.

Hapa ndipo watu hukata tamaa. "Hezi 80 tu?" Ndiyo, na hiyo ndiyo siri ya somo zima. Hezi 80 ndipo kiwango cha THX, cha sauti za sinema, kinapoikabidhi sabufa kazi. Amplifaya ya sinema inayofuata mpango huo inazikata spika za mbele kwa desibeli 12 kwa kila oktavu, yaani kila hezi zinaposhuka nusu. Boksi lako lililozibwa linakata 12 nyingine lenyewe. Jumla 24, sawasawa na mteremko ambao sabufa inakatiwa upande wa juu. Zinapokezana kijiti bila kukidondosha.

Hatua ya 3: Mbao

MDF (mbao za unga uliogandamizwa) ya milimita 18. Ongeza lita moja kwa ajili ya nafasi ya wufa na krosova (saketi inayogawa sauti nene na nyembamba). Kwa kila boksi: mbele na nyuma sm 21.6 × 32.6, ubavu mbili 20 × 32.6, juu na chini 18 × 20. Kama huna msumeno wa meza, wapelekee mafundi wa Keko wakukatie; pembe ikipinda kidogo tu, gundi haitakuokoa. Gundi ya mbao kila kona, kisha silikoni ndani. Jaza pamba ya mito bila kuishindilia. Sufi hapana, inamwaga unyoya hadi kwenye koili ya wufa.

Hatua ya 4: Krosova

Tunagawanya kwenye hezi 3000. Twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, ya omu 8: kapasita ya maikrofaradi 3.3 ikitangulia kwenye njia ya chanya, kisha koili ya milihenri 0.85 sambamba na twita. Wufa ni kinyume: koili nyingine ya kipimo hichohicho itangulie, kapasita nyingine ya 3.3 iwe sambamba. Kapasita ziwe zile zisizo na chanya na hasi. Twita igeuzwe waya, chanya iende hasi. Usinibishie kabla hujasoma maswali hapa chini.

Hatua ya 5: Kufunga

Zungushia wufa utepe wa sponji kabla ya kukaza skrubu. Ukiisukuma koni taratibu kwa vidole irudi polepole. Ikirudi ghafla, hewa inavuja mahali.

Hatua ya 6: Kurekebisha

Hapa usiwe na haraka, mimi ilinichukua wiki mbili. Kaa kwenye kochi, spika ziwe nyuzi 30 kila upande, twita usawa wa masikio. Amplifaya iambie spika ni ndogo, mkato hezi 80. Sikiliza taarifa ya habari, siyo muziki. Sauti ya mtangazaji unaijua tangu utotoni, kasoro utaidaka. Herufi "s" ikikuchoma, twita iko juu: weka rezista ya omu 2.2 kabla ya twita na ya omu 22 sambamba na twita, za wati 10, zote baada ya krosova. Inashuka karibu desibeli 3. Kisha utazame chumba. Sebule zetu za vigae na kuta tupu zinarudisha sauti kama bafu, na zulia pamoja na pazia zito vitakusaidia kuliko kubadilisha kapasita mara tano.

Maswali

Swali: Kaka, fundi wa mtaani kwetu anasema twita ukiigeuza umekosea.
Jibu: Kwa krosova ya aina hii, kwenye hezi 3000 wufa na twita zinapishana nyuzi 180, zinauana. Ukigeuza moja zinasaidiana. Jaribu zote mbili. Waya ukiwa umekosewa sauti za kati zinakuwa na shimo.

Swali: Nina wufa za omu 4, nitumie kapasita zilezile?
Jibu: Hapana. Upande wa wufa kapasita inazidishwa mara mbili, koili inagawanywa kwa mbili. Na hakikisha amplifaya inakubali omu 4.

Swali: Nitajuaje omu kama karatasi imepotea?
Jibu: Multimita. Ya omu 8 husoma kama 6 hivi, ya 4 husoma kama 3 na kidogo.

Swali: Shikamoo fundi. Nimemaliza, lakini besi ya sabufa naisikia jikoni, kwenye kochi haipo!
Jibu: Marahaba. Chumba hicho, mawimbi yanakutana na kufutana hapo kwenye kochi. Iweke sabufa juu ya kochi, piga wimbo wenye besi, kisha tambaa kwa magoti kando ya kuta. Besi ikisikika safi mahali, ihamishie hapo. Funga mlango kwanza, watoto watakucheka.