SOMO: Kukata bati kwa mkono bila kuliua (kwa wanaojenga wenyewe na vijana wanaoanza kazi ya paa)

Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita nimepanda juu ya paa moja huku Kigamboni, nyumba haijamaliza hata miaka mitatu, bati la rangi zuri kabisa lakini kule lilikokatwa kote kuna mstari wa kutu na juu ya rangi kuna vidoti vidoti vya kahawia kama mtu kamwagia chai. Mwenye nyumba anaamini kauziwa bati feki. Bati siyo feki, limekatwa na grainda (ile mashine ya umeme ya diski inayotoa cheche) tena likiwa juu ya mabati mengine yaliyopangwa chini, zile cheche zikaangukia kwenye rangi zikang'ang'ania, mvua ikaja zikaanza kuota kutu. Imeniuma maana mtu kajinyima miaka kupata hizo bati. Ndo nikasema leo niandike hili somo, mkasi na msumeno bado vina kazi yake jamani.

Elewa kwanza kwa nini. Bati ni chuma chembamba kilichopakwa zinki, au zinki na aluminiamu, halafu mengine yanaongezwa rangi juu. Ukikata kwa mkasi unabaki na kaukingo kembamba kasiko na zinki, ila zinki iliyo pembeni yake inajitoa yenyewe kuliwa kabla chuma hakijaliwa, kwa iyo ukingo unadumu. Grainda inakuja na moto, inaunguza zinki na rangi pale pale pembeni ya mkato, sasa nani atamlinda chuma? Na huku pwani chumvi ya bahari haikupi muda.

VIFAA. Mkasi wa bati, kama unaweza chukua ile yenye mikono ya rangi, njano unakata moja kwa moja, nyekundu unapinda kwenda kushoto, kijani kwenda kulia. Msumeno wa chuma na bledi ya meno madogo, ile ya meno 32 kwa inchi, ukiweka ya meno makubwa itanasa na kurarua bati. Tepu, maka peni, uzi wa chaki, ubao ulionyooka, vipande viwili vya mbao vya kulalia bati, glavu za ngozi na miwani. Glavu siyo mapambo, mi nina kovu kiganjani tangu 2009, bati la geji 30 (geji ni namba ya unene wa bati) liliteleza upepo ulipolishika na mkono ulifunguka kama samaki.

HATUA YA 1, kuchora. Hapa ndo wengi wanapoharibu. Bati la migongo midogo uzi wa chaki unagusa juu ya migongo tu, kwenye mabonde hakuna alama, mtu anakisia mkasi unakwenda zigizaga. Dawa yake ni hii: chukua kipande kifupi cha bati la aina ile ile ambacho kingo yake ni ya kiwandani, kilaze juu ya bati lako kikae mgongo kwa mgongo, sogeza mpaka kwenye kipimo, halafu pitisha maka peni kufuata ile kingo. Mstari unapanda na kushuka wenyewe na umenyooka kama skwea. Hicho kipande kitunze, nna changu kimezunguka na mimi saiti nyingi mno.

HATUA YA 2, amua upande kabla hujakata. Kingo utakayokata iende JUU ichimbiwe chini ya kofia (lile bati linalofunika kilele cha paa), kingo ya kiwandani ndo ikae chini kwenye mchirizi ambako maji yanapita kila siku. Hili halikugharimu hata mia na linaongeza maisha ya paa kuliko rangi yoyote utakayopaka.

HATUA YA 3, kukata kwa upana, yaani kukatisha migongo. Laza bati kwenye zile mbao mbili, mstari ukae katikati yake. Fungua mkasi wote, ingiza bati ndani kabisa karibu na msumari wa mkasi maana ndiko kwenye nguvu, bana robo tatu tu, usifunge mpaka ncha zikutane. Ukifunga mpaka mwisho ncha inaacha kajino kakali na ndo kanakokuja kuchana mikono. Sukuma mbele, bana tena. Ukifika kwenye mgongo inua kidogo kile kipande cha kutupa kiende juu, mkono upate nafasi ya kupita. Ukifika katikati hama, anzia upande wa pili mkutane. Wala usiugonge mgongo kwa nyundo ulale ili mkasi upite kirahisi, hautarudi ulivyokuwa na hapo bati la jirani halitalala vizuri, maji yataingia.

Mabati yakiwa mengi mi huwa napenda msumeno. Lalisha bledi, usiisimamishe, piga mstari ukate vichwa vya migongo yote, kisha geuza bati, yale yaliyokuwa mabonde sasa ni migongo, kata nayo. Pale kwenye miteremko panabaki vishikizio vidogo, unamalizia na mkasi. Kwenye bati la rangi tandika gunia chini lisikwaruzike.

HATUA YA 4, kukata kwa urefu. Hii rahisi. Bati jembamba, geji 30 au 32 (namba ikipanda bati linakuwa jembamba, wengi wanachanganya), weka ubao kwenye bonde, pitisha kisu cha bledi mara nne tano mstari ule ule mpaka uone umechimbika, halafu kunja huku na huku taratibu litakatika lenyewe safi. Geji 28 tumia mkasi tu.

HATUA YA 5. Fagia chenga zote za chuma siku hiyo hiyo kabla hujashuka, usiache zilale juu ya paa. Kingo piga rangi ya kuzuia kutu. Vipande vya kutupa viwekwe kwenye mfuko, watoto wa mtaani wanacheza pekupeku. Ukikatwa osha kwa maji mengi na sabuni, nenda kituo cha afya waangalie chanjo yako ya pepopunda, usipake mafuta ya taa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Kulwa: Asante fundi. Fundi wangu anasema mkasi utamchukua siku tatu, nyumba ina vyumba vinne, nimwambieje?

Dada, mwambie apime paa kwanza kabla hujanunua, halafu upeleke vipimo kiwandani. Viwanda vingi vinakata bati kwa urefu unaotaka na mashine yao inakata bila moto. Hapo saiti yatabaki ya kwenye kona tu, hayo hata kwa mkasi ni kazi ya siku moja.

kijana_mlandizi: Shikamoo fundi, mkasi sina, huku tunatumia panga na nyundo. Ni sawa?

Marahaba. Panga hapana mdogo wangu, linaruka na linapasua bati nje ya mstari. Tafuta tindo yenye makali, laza bati juu ya gogo bichi, gonga vidogo vidogo, kila pigo liingiliane na la nyuma yake. Kingo itakuwa na meno, yalaze kwa nyundo na upake rangi.

Babu Seif: Tundu la bomba la moshi je?

Mzee wangu, chora duara la bomba, na ndani yake duara dogo kidogo. Toboa katikati kwa tindo, ingiza mkasi wa kupinda ukate duara dogo, halafu kata vichane kutoka hapo mpaka duara la nje na uvikunje vyote kwenda juu vikumbatie bomba. Vikikunjwa chini vinaingiza maji ndani. Na tundu liwe kwenye mgongo, usiliweke kwenye bonde.

Neema_T: Nimechora kwa penseli bati la silva, mistari imegoma kutoka na imekuwa myeusi zaidi.

Pole sana. Ile risasi ya penseli inakula bati lenye aluminiamu na zinki pakipata unyevu. Mabati yaliyobaki tumia maka peni, hayo yaliyochorwa yaweke mahali ambapo bati jingine litayalalia.

fundi chipukizi: Nikikata mshazari kwa ajili ya kona, kile kipande kingine natupa?

Usitupe! Kizungushe chini kiwe juu, utaona kina umbo lile lile, kwa iyo kinaingia kwenye kona ya mkono ule ule ya upande mwingine wa paa. Ya kushoto inabaki ya kushoto. Usikipindue rangi ikaangalia chini ukadhani umepata ya kulia. Anza na kona zote za kushoto, uone zimebaki ngapi, ndo uchane bati jipya kwa za kulia.