Jinsi ya Kusoma Ustaarabu wa Magharibi, kutoka Ugiriki ya Kale hadi Renaisansi

Kati ya Athens ya karne ya 5 KK na Florence ya karne ya 15 kuna takriban miaka elfu mbili, na mwanafunzi anayejaribu kuimaliza kwa kukariri majina ya wafalme na vita huchoka kabla hajafika Roma. Njia ninayoipendekeza ni kufuatilia maandishi: nani aliyaandika, nani aliyanakili, yalipotelea wapi, na yalirudi kwa mikono ya nani. Ukiushika uzi huo, mambo mengine mengi yatajipanga mahali pake.

Anza na ukurasa mmoja wa tarehe, zisizozidi kumi. Andika 508 KK, Cleisthenes alipobadili utaratibu wa utawala wa Athens. 399 KK, Socrates alipouawa kwa sumu kwa hukumu ya mahakama. 323 KK, kifo cha Alexander, mfalme wa Makedonia. 27 KK, Augustus alipojithibitisha kuwa mtawala wa Roma yote. 313, Wakristo walipopewa uhuru wa kuabudu chini ya mtawala wa Roma, Constantine. 476, mtawala wa Roma ya magharibi alipoondolewa. 800, Charlemagne, mfalme wa Wafranki, alipovikwa taji mjini Roma. Na 1453, Waturuki walipoiteka Constantinople, mji mkuu wa dola la Roma ya mashariki. Kumbuka kwamba miaka ya KK huhesabiwa kurudi nyuma na kwamba hakuna mwaka sifuri. Pembeni mwa 476 andika kuwa dola la mashariki liliendelea kuishi kwa karibu miaka elfu moja zaidi, na kwamba watu wake walijiita Warumi ingawa wengi wao walizungumza Kigiriki. Asiyelijua hilo hawezi kuelewa ni kwa nini maandishi mengi ya Kigiriki hayakupotea.

Kisha soma maandishi yenyewe, hata kama ni kurasa chache tu, kabla ya kusoma maelezo ya wanahistoria wa leo. Mahali pazuri pa kuanzia ni hotuba ambayo Pericles aliitoa kuwaenzi Waathene waliokufa katika mwaka wa kwanza wa vita dhidi ya Sparta, kama ilivyoandikwa na Thucydides. Ukiwa nayo mkononi, uliza: mwandishi huyu ni nani, na aliyajuaje anayoyasimulia? Utagundua kwamba alikuwa jemadari wa Athens aliyehukumiwa uhamisho baada ya kushindwa kuuokoa mji wa Amphipolis mwaka 424 KK, na kwamba yeye mwenyewe anakiri kuwa hotuba katika kitabu chake si maneno halisi yaliyotamkwa. Baada ya hapo soma sehemu ya kitabu hichohicho inayohusu kisiwa cha Melos, ambako mwaka 416 KK Waathene waliwaua wanaume waliowakamata na kuwauza wanawake na watoto utumwani. Sifa za demokrasia na ukatili huo vinasimuliwa na kalamu moja, na mwanafunzi anapaswa kuvibeba vyote viwili. Aongeze pia kwamba wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na kura katika demokrasia hiyo.

Kwa upande wa Roma, ningeweka mkazo kwenye sheria kuliko kwenye majeshi. Mkusanyo wa sheria ulioamriwa na Justinian, mtawala wa Roma ya mashariki, ambao sehemu zake kuu zilikamilika kati ya 529 na 534, ulianza kusomwa upya Bologna kuanzia mwishoni mwa karne ya 11, na athari zake katika sheria za nchi nyingi za Ulaya zipo hadi leo. Usimwache Augustino wa Hippo, askofu na mwandishi Mkristo aliyezaliwa mwaka 354 katika eneo ambalo leo ni Algeria; dola la Roma lilizunguka bahari ya Mediterania pande zote, na ustaarabu huu haukujengwa na Ulaya peke yake.

Kosa ninalolionea uchungu zaidi ni la kuruka Enzi za Kati, kana kwamba baada ya 476 watu walilala hadi Renaisansi, yaani kipindi cha kufufuliwa kwa elimu ya kale. Fuatilia vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, nawe utaona. Boethius, msomi wa Kirumi, alitafsiri baadhi ya vile vya mantiki kwa Kilatini kabla ya kuuawa katika miaka ya 520, lakini sehemu kubwa ya vingine haikujulikana huko magharibi kwa karne nyingi. Katika Baghdad ya karne ya 9, akina Hunayn ibn Ishaq walikuwa wakitafsiri elimu ya Wagiriki kwa Kisiria na Kiarabu. Katika karne ya 12 Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa Cordoba huko Hispania, aliandika fafanuzi ndefu za Aristotle. Na Toledo, pia huko Hispania, uliotwaliwa na Wakristo mwaka 1085, ukawa mji wa watafsiri, miongoni mwao Gerard wa Cremona. Wengine walitafsiri moja kwa moja kutoka Kigiriki. Mwaka 1210 kufundisha falsafa ya maumbile ya Aristotle kulipigwa marufuku Paris. Kufikia 1255 vitabu vyake vilikuwa vya lazima katika kitivo cha sanaa cha chuo kikuu hichohicho. Chora safari hiyo juu ya ramani, kwa mkono wako, mji baada ya mji. Zoezi hilo moja hufundisha mengi kuliko sura nzima ya maelezo.

Ukifika Renaisansi, uzi ni uleule. Mwaka 1345 Petrarch, mshairi wa Italia, alikuta barua za Cicero, mwanasiasa wa Roma ya kale, katika maktaba ya Verona, na mwaka 1417 msomi Poggio Bracciolini alipata shairi la Lucretius, mshairi wa Roma ya kale, ambalo karibu lisahaulike kabisa. Mwaka 1440 msomi wa Italia Lorenzo Valla alionyesha kwamba hati iliyodaiwa kuwa Constantine alimpa papa mamlaka juu ya magharibi ilikuwa ya kughushi, kwa kuwa Kilatini chake hakikuwa cha karne ya 4 na ilitaja vyeo ambavyo Roma ya wakati huo haikuwa navyo. Chukua hati hiyo pamoja na hoja za Valla, funika hoja zake, na ujaribu kwanza kuutafuta udanganyifu wewe mwenyewe. Kisha zifunue, ulinganishe alichokiona na ulichokiona.