Unataka kufungua shirika la kutetea punda na mbwa? Anza na daftari la pumba

Vijana wengi wanaookota mbwa mtaani au wanaotibu punda wa mizigo wananiuliza swali moja, serikali inatoa hela kiasi gani kwa mashirika ya ustawi wa wanyama na zinaombwa wapi. Nijibu mapema usije ukafunga safari ya Dodoma bure: hapa Tanzania usipange bajeti kwa kutegemea ruzuku. Hata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri unayoisikia kila siku ni mkopo usio na riba kwa vikundi vya wanawake (asilimia 4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2), sio msaada wa NGO, yaani mashirika yasiyo ya kiserikali. Ukikopa ukafuga kuku wa kuuza sawa, ila mbwa unayemtibu bure harudishi mkopo, utaishia kudaiwa tu.

Serikali inachotoa ni watu, chanjo na nguvu ya sheria, na hapo ndipo wengi wanapoacha mali mezani. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa afisa mifugo, useme kabisa nyie mnaleta nini (mafuta ya gari, sindano, vijana wa kushika mbwa, spika ya kutangaza mtaani) na mnaomba nini, yaani chanjo ya kichaa cha mbwa na mtaalamu wa kuichoma. Ipeleke mapema, usisubiri Septemba ndo ukimbizane na siku ya kichaa cha mbwa duniani ya tarehe 28, maana hapo kila mtu anataka gari na chanjo hizohizo. Hela haipiti mikononi mwenu lakini ni msaada mkubwa sana, uandikwe kwenye vitabu kama mchango usio wa fedha, idadi ya dozi na siku za kazi za mtaalamu.

Kwenye sheria sasa. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, na mwenye mamlaka ya kuingia na kumchukua mnyama anayeteswa ni mkaguzi aliyeteuliwa kisheria, sio wewe mwenye tisheti ya shirika. Unakuta punda sokoni ana kidonda begani kikubwa kama sahani ya chai, nzi wamejaa, kamba ya katani imezama kwenye nyama, roho inakuuma unataka umfungue uondoke naye. Usifanye hivyo jamani, utashtakiwa kwa wizi na kesi ya punda itafia hapo. Piga picha, andika saa na mahali, mpigie bwana mifugo, ukae hapo mpaka afike, na huku unaongea na mwenye mkokoteni kwa upole kwasababu mara nyingi naye hajui kwamba gunia kuukuu lililokunjwa vizuri chini ya kamba lingezuia kidonda chote kile.

Usajili: NGO zinasajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, kwa Msajili aliye wizara ya maendeleo ya jamii, maombi yanafanyika mtandaoni, na wilayani mtu wenu ni afisa maendeleo ya jamii. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao wenye majina kamili na sahihi za waanzilishi, taarifa binafsi za viongozi, anwani na mahali ofisi ilipo, na ada. Kuna watu wanakimbilia BRELA, wakala wa usajili wa biashara na kampuni, kufungua kampuni isiyo na hisa wakidhani ni njia ya mkato, toka marekebisho ya sheria ya 2019 hiyo inakuzungusha tu, kama kazi yenu ni ya NGO mnatakiwa muwe kwa Msajili wa NGO. Cheti kinakaa miaka 10 halafu mnaomba upya.

Mkishapata cheti ndo usimamizi unaanza. Kila mwaka kuna ada, taarifa ya kazi, na hesabu zilizokaguliwa. Mfadhili akiwapa zaidi ya shilingi milioni 20, kanuni za 2018 zinataka mkataba ufike Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, kwahiyo siku ya kusaini ndo siku ya kuanza kutoa kopi, sio wiki ijayo.

Pesa zenyewe zinapotelea kwenye vitu vidogo. Shirika moja nililojitolea zamani lilikuwa linanunua pumba kila Jumamosi kwa mama mmoja sokoni, hana mashine ya risiti, tunalipa keshi tunabeba. Mwisho wa mwaka mkaguzi wa hesabu akauliza pumba za miezi 11 ziko wapi na hatuna hata karatasi moja, mfadhili akazuia awamu ya pili, punda wakala mabua makavu mpaka mvua zikaanza, mbavu unazihesabu kwa mbali. Hakuna aliyeiba hata shilingi. Sasa hivi tunaandika hati ya malipo hapohapo kwenye kaunta yake, tarehe, kilo, bei, namba yake ya simu na sahihi yake, tunalipa kwa simu na meseji inabaki. Dakika tatu tu.

Halafu kodi. Cheti cha NGO sio msamaha wa kodi, unaomba TRA wakutambue kama taasisi ya hisani, na tafsiri ya hisani kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 imejengwa kwenye umaskini, elimu, afya ya jamii, maji na barabara, wanyama humo hawajatajwa. Mimi naona hapa sheria imewasahau na inafaa tuseme wazi. Kwa sasa lakini andikeni katiba inayoonyesha kazi ya kweli mnayofanya kwa watu: chanjo ya mbwa inakinga watoto na kichaa, punda mzima anabeba maji ya familia maskini. Ila msiandike msichofanya. Na mkiajiri hata mlinzi mmoja, mambo ya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) yanawahusu kama ofisi nyingine yoyote.

Mwisho, msiwape taarifa wakubwa tu. Sisi tulibandika ukurasa mmoja wa mapato na matumizi mlangoni kwa mtendaji wa kata, mzee mmoja mwenye mkokoteni akausoma wote akauliza mbona hela ya dawa za minyoo ni kubwa kuliko ya pumba. Tukamweleza punda wangapi walipewa dawa na kila mmoja ni shilingi ngapi. Jumatatu iliyofuata akaja na punda wake wawili.