Jinsi ya kuomba ruzuku ya kukinga msitu wa kijiji na moto

Kamati nyingi za maliasili husikia habari za ruzuku ya Mfuko wa Misitu Tanzania tangazo likishatoka, siku zimebaki chache. Hapo huazimwa andiko la kijiji jirani, jina likabadilishwa, likapelekwa hivyo hivyo. Mwongozo huu ni wa kamati, mtendaji wa kijiji au afisa misitu anayetaka kuanza mapema, hasa kwenye miombo ya Lindi, Ruvuma, Tabora na Katavi ambako nyasi huungua kila kiangazi.

Ujue kwanza fedha zinatoka wapi. Mfuko umeundwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, kifungu cha 79 hadi 83. Huingiziwa tozo ya asilimia 3 ya mrabaha (malipo ya kuvuna mazao ya misitu) na asilimia 2 ya ada zinazolipwa chini ya sheria hiyo, pamoja na mauzo ya mazao ya misitu yaliyotaifishwa. Gogo lililolipiwa na lile lililokamatwa usiku kwenye lori yote yanachangia. Ni fedha ya umma, na utadaiwa hesabu yake kama fedha ya umma. Maeneo yanayofadhiliwa ni matatu: uhifadhi na usimamizi wa misitu, maisha ya jamii zinazopakana nayo, na utafiti tumizi. Mradi wa moto ni wa eneo la kwanza. Ukiwahusisha warina asali, unagusa na la pili.

Hatua ya 1: Kagua makaratasi ya msitu

Kabla ya kuandika neno lolote, kusanya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliotenga msitu, ramani, mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kama msitu ni wa serikali kuu na nyinyi ni washirika tu, tafuta makubaliano yenu na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Angalia kama mpango haujaisha muda.

Kisha soma sheria ndogo zinasemaje kuhusu moto. Nyingi zina sentensi moja tu: ni marufuku kuwasha moto msituni. Ukiomba fedha za uchomaji wa mapema, yaani kuchoma nyasi kwa makusudi kabla hazijakauka kabisa, huku sheria yenu inaukataza, mtathmini makini ataliona hilo kabla hajafika kwenye bajeti. Rekebisheni kwanza: uchomaji uruhusiwe kwa kibali, ukisimamiwa na kamati, katika miezi iliyotajwa. Marekebisho hayo hupita halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, kata na wilaya, na hayaendi haraka. Ndiyo sababu hii ni hatua ya kwanza.

Hatua ya 2: Chora historia ya moto

"Msitu wetu unaungua sana" haimwambii mtathmini lolote. Ingia kwenye FIRMS, tovuti ya bure ya NASA (shirika la anga la Marekani) inayoonyesha moto ulioonwa na setelaiti, uombe kumbukumbu za moto za eneo lenu. Zipo tangu mwisho wa 2000 kwa kihisi cha setelaiti kiitwacho MODIS, na tangu 2012 kwa kingine kiitwacho VIIRS, ambacho kila nukta yake ni eneo lenye upana wa mita 375 hivi. Zipange kwa mwezi. Utaona kama moto wenu ni wa Juni au wa Septemba, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha ombi lote.

Nukta ya setelaiti isichukuliwe kama ushahidi wa mahakamani. Huonyesha katikati ya eneo lililopimwa, kwa hiyo nukta iliyo karibu na mpaka inaweza kuwa moto wa jirani. Moto mdogo uliozimika upesi hauonekani kabisa. Chukua ramani hiyo ukakae na wafugaji, wawindaji na warina asali, muulizane kila kundi la nukta lilianzia wapi: shamba jipya, njia ya ng'ombe, mzinga wa asili. Usiende na mgambo kwenye kikao hicho, utaambiwa wote ni wapita njia.

Hatua ya 3: Panga kazi kwa kalenda ya nyasi

Hapa ndipo maombi mengi huharibika. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Mvua kusini huisha Mei, na nafasi ya kuchoma mapema ni mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Julai, nyasi zikiwa zimekauka juu lakini bado zina unyevu chini. Moto wa wakati huo huenda polepole, huacha mabaka yasiyoungua, na ukiuwasha jioni umande huuzima usiku. Wa Septemba na Oktoba hupanda juu na kuua miche iliyokuwa ianze kuwa miti.

Kwa hiyo ukiandika kwamba uchomaji utafanyika robo ya kwanza, yaani Julai hadi Septemba, umejipangia kuwasha wakati wenzako wanazima. Mpangilio unaofaa ni huu: robo ya kwanza doria, mikutano ya vitongoji na kukwatua barabara za kuzuia moto, robo ya pili vikosi viwe tayari hadi mvua zije, robo ya tatu mizinga ya kisasa na mafunzo ya warina, ili mienge wanayofukuzia nyuki ipungue msituni, robo ya nne uchomaji wa mapema. Andika wazi kwamba fedha za robo ya nne ziwe kwenye akaunti ya kijiji kabla ya Aprili kwisha.

Hatua ya 4: Bajeti

Barabara ya kuzuia moto yenye upana wa mita 6 na urefu wa kilomita 1 ni hekta 0.6, karibu ekari moja na nusu. Kilomita 12 ni kama ekari 18. Zidisha kwa bei ya kijijini kwenu ya kulima ekari moja kwa jembe, maana kufyeka tu hakutoshi, udongo lazima uonekane. Hesabu hiyo kila mwanakijiji anaielewa, na mkaguzi pia.

Vifaa viwe vya kuzimia: vipiga moto, reki, mapanga, buti, mabomba ya mgongoni kama yale ya kupulizia dawa. Fulana zenye nembo ziache. Pikipiki moja inaweza kuhalalika msitu ukiwa mbali. Mbili zitakuletea maswali. Posho za vikao zikizidi gharama za kazi ya msituni, anza upya.

Barabara huota nyasi tena mvua zikija, kwa hiyo onyesha nani atalipa mwaka wa pili. Kijiji kinachouza mbao kitenge fungu lake kwa muhtasari wa mkutano mkuu, na uambatishwe.

Hatua ya 5: Taarifa

Kila malipo ya vibarua yawe na orodha yenye jina, siku, kiasi na saini, na manunuzi yawe na risiti ya EFD. Matokeo yapimwe kwa mambo mawili tu: ekari zilizoungua baada ya Julai ukilinganisha na miaka iliyopita, na idadi ya miche katika viploti (vieneo vidogo vya kupimia) vichache vya kudumu.

Msitu ukiungua Septemba licha ya kazi yote, usifiche. Andika tarehe, ulipoanzia, waliouzima, na barabara uliyokomea. Pale ambapo upande mmoja wa barabara umeungua na mwingine umebaki, piga picha uiambatishe kwenye ombi la awamu inayofuata.